Rafiki Yako Anapotaka Kumpanda Farasi Wako

Kila likizo ya Agosti na Desemba, hapa bandani tunapotunza farasi wa watu, ombi huwa lile lile: mwenye farasi anasafiri, na kuna rafiki anayeaminika atakayekuja "kumzungusha kidogo" asikae bure. Ni ombi jema. Farasi aliyezoea kazi akifungiwa bandani wiki mbili huku analishwa nafaka kama kawaida, siku ya kutoka atakuwa na nguvu za kumrusha hata mwenyewe. Ila rafiki unayeweza kumwachia funguo za nyumba si lazima awe na mkono mzuri kwenye hatamu. Huku Karen na Lang'ata, Nairobi, penye mbwa, bodaboda na ngiri wanaochomoka vichakani, mkono huo ndio unaohesabika.

Tunaanza na uzito, ingawa ni swali la kuonea haya. Kama huna mizani ya mifugo, chukua tepu ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua, tepu ikipita nyuma tu ya viwiko na juu ya mabega, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, halafu gawanya kwa 11,877. Farasi mwenye mzunguko wa 180 na urefu wa 160 ana kilo 436 hivi. Mzigo wote usizidi asilimia 20 ya uzito huo, yaani kilo 87, na hapo tandiko la kilo 8 na helmeti, buti na nguo za kilo 3 zimo ndani. Anayebaki kuruhusiwa ni mtu wa kilo 76. Kwa farasi mzee, au aliyetoka kupumzika muda mrefu, sisi hutumia asilimia 15, na hatubishani juu ya hilo.

Tandiko lenyewe ndilo linaloleta vidonda, na mara nyingi kosa si la rafiki. Tandiko la inchi 17 lililonunuliwa kwa ajili yako linaweza kumkaa farasi vizuri kabisa, lakini mtu mwenye mapaja marefu akilikalia anasukumwa nyuma mpaka ukingoni. Uzito wake wote unaangukia kiunoni mwa farasi, mahali pasipo na mbavu za kuubeba. Dalili utaiona baadaye ukiondoa tandiko: mgongo umelowa jasho kote isipokuwa kiraka kikavu cha ukubwa wa kiganja. Kiraka hicho si nafuu; mara nyingi ni mahali palipobanwa kiasi cha jasho kushindwa kutoka. Kikionekana, farasi hapandwi kesho yake mpaka tandiko likaguliwe.

Vikuku navyo, yaani vyuma vya kukanyagia miguu. Buti ikishaingia, kila upande ubaki na nafasi ya sentimita moja au zaidi kidogo. Kikiwa chembamba mguu hunasa, na mtu akianguka huburutwa. Kikiwa kipana sana mguu wote hupita upande wa pili, na mwisho ni ule ule. Kwa hiyo raba na gambuti zenye soli nene hatuzikubali. Kiatu kiwe na kisigino kifupi.

Ukanda wa tumbo unakazwa mara tatu: bandani, kabla ya kupanda, na tena baada ya dakika kumi za kutembea. Farasi wengi hujaza hewa wakati wa kufungwa, kisha huitoa wakiwa njiani, na ukanda uliokuwa umekaza unalegea. Mgeni hukaza mara moja tu, ndiyo maana tandiko humzunguka farasi hadi tumboni katikati ya safari. Kupanda, tumia jukwaa. Kujivuta kutoka chini kunapinda tandiko na kuchosha mabega ya farasi.

Kabla rafiki hajapanda akiwa peke yake, aje siku moja nawe ukiwapo. Ampige brashi, asafishe kwato, amtandike mwenyewe huku saisi (mtunza farasi) akitazama. Wewe upande kwanza, yeye afuate ndani ya uwanja: kutembea, kusimama, kugeuka, telki (mbio za polepole). Tunachokitazama zaidi ni kile mpandaji anachokifanya pindi farasi anaposhtuka. Anayeng'ang'ania hatamu ili asianguke anamchana farasi pembe za mdomo kwa lijamu, kile chuma cha mdomoni; anayeshika manyoya ya shingo au ukanda wa shingoni ana akili ya mpanda farasi. Kama rafiki ni wa aina ile ya kwanza, hakatazwi, lakini abaki uwanjani na afundishwe. Barabarani haendi.

Asifike nafaka imetoka tu kuliwa. Ipite saa moja. Arudi kabla jua halijatua, maana vijidudu vidogo vinavyoambukiza ugonjwa wa farasi wa Afrika huuma zaidi jioni na alfajiri, hata kama farasi wako amechanjwa. Dakika kumi za mwisho ni za kutembea. Akishashuka, asafishe kwato tena, kwa sababu changarawe za huku hukwama ndani na kuchubua. Moyo wa farasi aliyetulia hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika; baada ya mazoezi mepesi tunataka uwe chini ya 60 ndani ya robo saa. Saisi ataupima na kuuandika.

Bima uliza mwenyewe: je, inamhusu mpandaji asiye wewe? Na ukianza kupokea hela kutoka kwa rafiki, hata za majani tu, uliza tena.

Hatumtoi farasi kwa maneno ya "ameniambia nije". Tutumie ujumbe jioni ya kuamkia siku hiyo, wenye jina la rafiki, tarehe, mahali anaporuhusiwa kwenda na mambo usiyoyataka (kwenda shoti, yaani mbio kali, kuruka vizuizi, kupandisha mtoto). Ongeza namba ya daktari wako wa mifugo na kiasi cha fedha anachoweza kutumia bila kukungoja, kwa kuwa msokoto wa tumbo haungoji ndege yako itue.