Ukiona daftari pembeni ya kompyuta

Tukiitwa dukani kukagua mfumo wa mauzo, kitu cha kwanza tunachotafuta ni daftari. Mwezi uliopita tulilikuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi Buguruni, limesukumwa chini ya kibodi, jalada limejaa vumbi la saruji. Mfumo wao ulijua misumari kwa boksi tu. Mteja akitaka kilo mbili na nusu, kijana wa kaunta anapima, anapokea hela, anaandika kwenye daftari. Jumamosi usiku mwenye duka anakaa kuyaingiza mauzo hayo kwenye kompyuta kwa kukadiria. Hesabu ya kwenye kioo na mzigo wa stoo haviendani hata siku moja.

Pale hakuna mzembe. Wameuziwa mfumo uliotengenezwa kwa duka lisilopima, na kila wakiomba marekebisho wanatajiwa bei mpya.

Teknolojia inaweza kuipa biashara wepesi wa ajabu. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, muuzaji wa jumla Kariakoo aliweza kupokea malipo ya mzigo kutoka mkoani bila mtu kupanda basi na noti kiunoni. Lakini teknolojia hiyohiyo inaweza kukufunga. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikasuasua Tanzania, Kenya na kwa majirani. Mfumo unaotegemea mtandao kwa kila kitu, siku kama hiyo hata bei ya bomba haukupi. Unaotunza mauzo kwenye kompyuta ya dukani, kisha ukayatuma mtandao ukirudi, unaendelea kukata risiti.

Kwa hiyo kabla hujalipa, iwe kwetu au kwa mwingine, uliza. Bei na vipimo nitabadilisha mwenyewe? Nikifungua tawi Chanika, nitaongeza au nitaanza upya? Nikiachana nanyi, nitaondoka na kumbukumbu zangu zote kwenye faili la Excel? Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, maana humo mna madeni ya wateja wako na historia ya miaka. Anayekuuzia mfumo akianza kuzungukazunguka, usisaini.

Daftari la Buguruni tumeliazima. Kila mstari wake ni kazi ambayo mfumo mpya lazima uiweze, kuanzia zile kilo mbili na nusu za misumari ya inchi nne.