Mikono ya mume wangu haitulii mpaka apate kidogo

Shangazi, shikamoo.

Mume wangu ni fundi cherehani hapa Moshi, anasifika kwa suti. Siku hizi wateja wa asubuhi anawakwepa; anawaambia waje saa tano, eti umeme unasumbua. Umeme upo. Ni mikono inayomtetemeka, hata uzi kwenye sindano namtungia mimi. Akishatoka "kununua vifungo" akarudi, mkono umetulia na mkasi unakwenda kama kawaida.

Hicho ndicho kinachonitisha, Shangazi, maana halewi. Hapigi mtu, hayumbi njiani, ada za watoto analipa. Nikilalamika, ndugu zake wananicheka: kwa Mchaga mbege ni chakula, babu yao kanywa mpaka uzeeni akafa na meno yake yote. Sawa, lakini hii si mbege. Viroba vilipopigwa marufuku mwaka 2017 nilishukuru Mungu, kumbe alihamia chupa ndogo za pombe kali. Zamani moja ilimtosha. Sasa akinywa mbili hata sura haibadiliki, na tupu zake nazikuta nyuma ya majora ya vitambaa.

Kwaresima hii aliamua mwenyewe kuacha. Usiku wa pili alilowa jasho shuka zima, akatapika, moyo ukimwenda mbio. Alfajiri shemeji akamletea nusu glasi, akapoa. Jirani yetu ambaye ni nesi aliposikia alinionya: mtu aliyefikia hapo asikatishwe ghafla nyumbani, anaweza kupata degedege, hata kufa. Aachishwe na daktari, kwa dawa.

Sasa mama mkwe anataka Pasaka ikipita ampeleke kijijini, amfungie chumbani wiki nzima kwa maombi. Maombi siyakatai. Kufuli ndilo naliogopa.

Nilimgusia mume wangu twende hospitali ya mkoa, tuwaone watu wa afya ya akili. Akaniuliza, "Kwani mimi kichaa?" Chakula cha usiku akakisusa. Nimefikiria nimwambie tunakwenda kupima presha, nami nitangulie kumweleza daktari mambo yote. Lakini akigundua, si ndiyo hatakanyaga tena hospitali? Au nimwambie wazi nilichosikia kwa nesi, hata kama atanuna? Na mama mkwe nimzuieje bila kuonekana nimemdharau? Nijibu mapema tafadhali, kwa sababu nauli ameshatuma.

Mke wa Fundi, Moshi