Simu yako bado hai, Zuhura

Mwembe Tayari, Mombasa

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, alhamdulillahi. Mamako anakusalimu, na nyanyako kila siku auliza kama baridi ya Eldoret imepungua.

Ujumbe wako wa kuomba pesa za simu mpya nimeupata. Na ile ya zamani uliyompa binamuyo aje nayo imefika. Jana baada ya isha niliifungua dukani. Niliipasha moto pembeni mpaka gundi ikalegea, nikapenyeza kadi ya plastiki polepole, kifuniko kikatoka. Betri ilikuwa imevimba kama andazi. Lakini ndani, mwanangu, kusafi: hakuna kutu ya chumvi, hakuna alama ya maji. Memori ndiyo imejaa pomoni. Picha zako sikuzigusa, ila video za magrupu zilikuwa mia nne na kitu, na moja ya kutakiana asubuhi njema ilikuwamo mara sita, kutoka magrupu sita. Simu yako haijafa. Ina betri mbovu na takataka za watu.

Usidhani nakunyima pesa. Pesa tungetafuta. Nakuandikia kwa sababu kazi hii imenionyesha mambo ambayo nataka uyajue mapema.

Uharibifu mkubwa wa simu hautokani na kuichaji. Hutokea kabla hujaitoa kwenye boksi, migodini na viwandani. Kobalti ya betri, zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima, huchimbwa Kongo. Umeme inaokula simu yako mwaka mzima ni mdogo mno ukilinganisha na uliotumika kuiunda. Ndiyo maana kuitunza miaka miwili zaidi kunaifaa dunia kuliko jambo lolote utakalolifanya kwenye kioo chake.

Na ikitupwa je? Mwaka 2022 dunia ilitoa tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na hata robo yake haikukusanywa na kuchakatwa upya inavyopasa. Mimi robo tatu zilizobaki nimeziona kwa macho. Zamani nilikuwa nampa mtu mmoja maboksi ya simu zilizokufa, akaniambia anazipeleka kiwandani. Siku moja nilikwenda kumtazama mgonjwa upande wa Mwakirunge, nikapita karibu na jaa. Vijana walikuwa wanachoma nyaya wapate shaba, moshi mweusi umetanda, na mmoja wao amekalia boksi lenye mwandiko wangu ubavuni. Kando yake mtoto, rika lako la wakati ule, akikohoa. Sikulala usiku ule. Tangu siku hiyo betri mbovu naziweka kwenye ndoo ya mchanga, na simtolei mtu mpaka nimeona mwenyewe anakozipeleka.

Hiyo ndiyo sehemu nzito. Lakini na mtandao nao una gharama yake. Watu hudhani intaneti iko hewani, kumbe iko chini ya bahari yetu hii. Mwaka 2009, ukiwa mdogo bado, kebo ya intaneti iitwayo TEAMS ilitokea Fujairah, kule Emirati, ikafika hapa Mombasa, na nyingine zikafuata. Kila unachokitazama kimewekwa kwenye mashine mahali fulani, nazo hazizimwi, na zataka kupozwa usiku na mchana. Mwaka 2024 mashine za namna hiyo zilikula takriban asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia, kwa hesabu ya Shirika la Kimataifa la Nishati. Sisi Kenya tuna bahati, umeme wetu mwingi ni wa mvuke wa ardhini kama ule wa Olkaria, wa maji na wa upepo. Lakini jioni kila nyumba ikiwasha, mitambo ya umeme wa mafuta kama ile ya Kipevu hapa Mombasa nayo hunguruma.

Sikwambii ukeshe ukifuta barua pepe moja moja. Faida ya hilo ni ndogo sana, na wanaolihubiri wanawachosha watu bure. Ila ile taarabu unayolala nayo kila usiku, ipakue mara moja uisikilize, usiivute upya kila siku na bando likaisha. Video kwenye kioo kidogo kama chako haihitaji ubora wa juu kabisa. Ukiwa chuoni tumia waifai, hula umeme mdogo kuliko mnara wa simu. Na magrupu nimeyazimia kujipakulia video zenyewe; ukitaka kuona moja, utaibonyeza mwenyewe.

Betri mpya nimeshaitia. Usiichaji chini ya mto usiku kucha. Joto na kukaa imejaa saa zote ndivyo vilivyoiua ile ya kwanza. Ikifika themanini ichomoe, isishuke chini ya ishirini. Na kioo kile chenye ufa nimekiacha, kwa kuwa chafanya kazi vizuri.

Kesho naipeleka kwenye basi la jioni. Mamako ameifunga ndani ya leso, juu ya kopo la achari ya maembe. Fungua kopo kwa uangalifu, mafuta yamejaa hadi juu.

Babako