Barua kwa Hamisi: Wimbo si Mali ya Studio

Kwako ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Natumai u buheri wa afya, na nyumbani wote hawajambo. Barua yako nimeipata. Pale uliposema rekodi za laivu ni makelele ya watu wanaompigia makofi msanii aliyekwisha choka, nilicheka kwanza, kisha nikachukua kalamu.

Kwako wewe wimbo ni ule uliorekodiwa studio, kila ala mahali pake, na jukwaani ni kwenda kuuvuruga tu. Mimi nakwambia zipo nyimbo ambazo studio ilizitoa mbichi.

Chukua "No Woman, No Cry". Mwaka 1974 Bob Marley aliuweka kwenye santuri ya Natty Dread, ukiwa na mdundo wa mashine ya ngoma na mwendo wa haraka haraka, kama mtu anayechelea kuachwa na basi. Si mbaya, lakini unapita. Julai 1975 yeye na bendi yake ya Wailers wakapanda jukwaa la ukumbi wa Lyceum, London. Tafadhali sikiliza mwanzo wake kwa makini. Kinanda kinatangulia polepole, na kabla Bob hajafungua kinywa, watazamaji wameshashika kiitikio. Yeye anaingia baadaye na kuwakuta humo. Rekodi hiyo ndiyo iliyozunguka dunia, na mtu yeyote ukimwomba akuimbie wimbo huo, atakuimbia kwa mwendo wa Lyceum. Tena jina la mtunzi lililoandikwa si la Bob. Ni la Vincent Ford, rafiki yake wa Trench Town, mtaa wa Kingston huko Jamaica, aliyekuwa na jiko la kulisha wasio na kitu. Wengi huamini Bob alimwandikisha makusudi ili mrabaha umfae. Haya, niambie: mtunzi huyu, mwimbaji yule, na walioanza kuimba ni umati. Studio yako hapo inadai nini?

James Brown, mwimbaji wa Marekani, naye alibishana na mtu wa mawazo kama yako. Mwenye kampuni iliyokuwa ikitoa nyimbo zake, Syd Nathan wa King Records, hakuona nani angenunua rekodi ya jukwaani isiyo na wimbo mpya hata mmoja. James akatoa fedha zake mwenyewe mfukoni, akarekodi shoo yake ya Oktoba 24, 1962 pale ukumbi wa Apollo, Harlem, New York. Santuri ilipotoka mwaka 1963 ilikaa kwenye chati za Marekani wiki 66. Nenda moja kwa moja kwenye "Lost Someone", unaozidi dakika kumi. Anashusha sauti hadi ananong'ona, ukumbi nao unanyamaza, kisha mwanamke mmoja anapiga ukelele huko gizani, na James anaudaka ukelele ule na kuujibu. Ukiondoa vile vilio, wimbo unabaki nusu.

Na kama kelele ndizo zinazokukera, jukwaa linajua pia kunyamaza. Mwaka 1939 mwimbaji Billie Holiday alikuwa akiimba "Strange Fruit" katika klabu ya Café Society, New York. Wimbo huo unahusu Weusi walionyongwa na kuachwa wakining'inia mitini, na uliandikwa na mwalimu wa shule, Abel Meeropol. Billie aliuweka mwisho wa shoo. Wahudumu waliacha kupeleka vinywaji, taa zikazimwa zote isipokuwa moja iliyomulika uso wake. Akimaliza, nayo inazimwa. Taa zikiwashwa tena, hayupo, na hata wakipiga makofi vipi harudi. Kampuni kubwa aliyokuwa na mkataba nayo haikutaka kuurekodi, ikabidi aupeleke kwenye kampuni ndogo ya Commodore.

Sikatai kwamba laivu nyingi ni takataka. Zipo za mpiga ngoma kujionyesha robo saa nzima mpaka unatamani umeme ukatike. Lakini mwimbaji Richie Havens pale kwenye tamasha la Woodstock, Marekani, Agosti 1969? Alifungua tamasha kwa sababu wenzake walikwama barabarani, akawa anarudishwa jukwaani kila anapotaka kushuka, mpaka nyimbo zikamwishia. Akabaki anacharaza gitaa, lile dole gumba lake refu likikandamiza nyuzi kwa juu, kanzu imelowa jasho mgongoni, akawa anatafuta la kuimba huku mkono unaendelea. Ndipo alipolishika neno "freedom" na kulirudia rudia, akaunganisha na wimbo wa zamani wa mtoto asiye na mama. Alikuwa akitunga mbele ya umati ule wote, na hakuwa na pa kukimbilia.

Hata studio unayoisifu, mara nyingine bahati yake imetokana na mtu kujisahau akadhani yuko jukwaani. Solomon Linda, mwimbaji wa Afrika Kusini, alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939, akiwa na kundi lake la Evening Birds. Katika kurudia mara ya tatu, karibu na mwisho, alirusha sauti juu na kuimba vipande ambavyo havikuwa vimepangwa. Vipande hivyo vya sekunde chache ndivyo Wamarekani walivyovijengea "The Lion Sleeps Tonight" mwaka 1961. Linda alikuwa ameuza haki zake kwa shilingi kumi. Akafa mwaka uliofuata, fukara, na familia yake ikaja kufikia makubaliano ya malipo mwaka 2006. Kila nikiusikia ukipigwa kwenye katuni za watoto, nakasirika.

Otis Redding, mwimbaji wa Marekani, yeye angalau alilipwa kama mtunzi. "Respect" aliitoa mwaka 1965, mwanamume anayerudi nyumbani na pesa akidai heshima. Aretha Franklin akaichukua mwaka 1967, akaigeuza iwe dai la mwanamke, akaongeza kule kulitaja neno herufi kwa herufi, na ndugu zake Carolyn na Erma wakiitikia nyuma. Redio za Marekani zilimlipa Otis kwa utunzi, na Aretha kwa sauti yake hazikumlipa kitu. Lakini Juni mwaka huo huo, pale kwenye tamasha la Monterey, California, Otis mwenyewe aliwatania watazamaji kwamba wimbo huu kanyang'anywa na msichana, kisha akaupiga kwa kasi ya ajabu, kama anayetaka kuurudisha. Desemba akafa katika ajali ya ndege, hajatimiza miaka 27.

Nitafutie rekodi hiyo ya Monterey, uiweke karibu na ile ya Aretha, kisha uniandikie. Kwangu mimi Otis siku ile alishindwa, ila kwa tofauti ndogo sana. Najua utabisha.

Wasalimie wote.

Ni mimi rafiki yako,
Idi