Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mashine ya Umeme kwa Ngalawa Zetu

Assalaam aleykum ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama wa mwani na vijana.

Kwanza tuwaombee dua wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu. Hesabu za fedha mtazisikia kwa mshika fedha, na mazungumzo kuhusu dema, ile mitego yetu ya samaki, na mashamba ya mwani yamo kwenye taarifa ya katibu. Mimi nitazungumzia lile mliloiagiza kamati katika mkutano uliopita: mashine ndogo ya umeme kwa vyombo vinavyovua ndani ya Ghuba ya Chwaka.

Nianze na kazi yake, maana hapo ndipo wengi wanapopishana. Mashine hii haiji kuchukua nafasi ya mashine ya petroli. Iliyo kubwa katika zile za volti 12 hula takriban wati 600, na nguvu moja ya farasi ni wati 746, yaani haifiki hata nguvu moja ya farasi. Mwendo wake wa juu ni kama kilomita 6 hadi 8 kwa saa, na hata ukinunua yenye msukumo mkubwa zaidi haikimbii zaidi ya hapo, kwa sababu propela yake imeundwa kusukuma polepole. Kazi yake ni kutoka dema moja hadi jingine, kurambaza taratibu pembeni ya mkondo, na kurudi pwani upepo unapokufa badala ya kumaliza mgongo kwa upondo. Anayevuka mwamba kwenda bahari kuu, au anayetaka kupingana na maji ya bamvu, yale yanayojaa na kupwa kwa nguvu, mlangoni mwa ghuba, asiitegemee. Hilo nalisema kwa uzito kwa sababu ni suala la roho za watu.

Sasa uchaguzi. Msukumo wake hupimwa kwa ratili, ndiyo ile lb iliyobandikwa ubavuni. Kanuni ya kawaida ni ratili 2 za msukumo kwa kila ratili 100 za uzito wote, yaani asilimia mbili. Chombo, watu wawili, barafu, maji ya kunywa, dema na samaki wakifika kilo 400, hesabu inatoa kilo 8 za msukumo, kama ratili 18. Lakini hiyo ni hesabu ya maji yaliyotulia. Kwetu kuna kusi, kuna mkondo, na ngalawa ina matengo mawili, zile mbao za ubavuni za kuizuia isipinduke, yanayoburuta maji. Kamati inaona tusishuke chini ya ratili 45, na inapendekeza 55, ambazo ni karibu kilo 25. Hapo bado tunabaki kwenye volti 12 na betri moja. Ukipanda kwenda 70 au 80 unaingia volti 24, maana yake betri mbili, na ngalawa ya mti wa mwembe haina nafasi ya mizigo hiyo.

Tahadhari moja dukani: ukiona mashine ya volti 12 inajitangaza ratili 80 na zaidi, uliza inakula ampea ngapi. Yenye ratili 55 hula karibu ampea 50 ikiwa kasi ya mwisho. Msukumo hauzuki bila umeme wa kuulisha, na muuzaji asiyejua jibu la swali hilo hajui anachokiuza.

Ndugu zangu, hapa kwenye betri naomba tukae kidogo, maana ndiko fedha nyingi zitakakokwenda na ndiko tutakakojuta tukikosea. Betri ya gari haifai kabisa. Imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache ili injini iwake. Ukiikamua hadi chini kila siku inakufa mapema. Betri ya sola ya asidi yenye ampea-saa 100 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) inafanya kazi, ila isitumiwe zaidi ya nusu ikiwa unataka idumu, na uzito wake unakaribia kilo 30. Kwa kasi ya mwisho hiyo nusu haikufikishi hata saa nzima. Betri ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti, yenye ampea-saa zilezile, ina uzito usiofika nusu ya huo, unaweza kuitumia karibu yote, na inachajiwa mara elfu mbili na zaidi pale ambapo ya asidi huhesabiwa kwa mamia. Bei yake ni kubwa, sikatai. Lakini ukigawa bei kwa siku za kwenda baharini, ya asidi ndiyo ghali. Lithiamu inataka chaja yake; ile ya betri za gari ina mtindo wa kupandisha volti kusafisha asidi, na huo unaiharibu. Paneli za sola za wati 300 pale bandani, kwa jua letu, zinatosha kuijaza betri moja kwa siku isiyo na mawingu mengi.

Upande wa matumizi, chagueni mashine ambayo kasi yake inapanda na kushuka taratibu bila vituo, kuliko ile ya gia tano. Ile ya gia tano ikiwa polepole hupoteza umeme mwingi kuwa joto. Ile nyingine, ukiwa nusu ya kasi, hula robo ya umeme au pungufu, na kazi yetu ya dema karibu yote ni ya mwendo huo.

Na chumvi. Mashine hizi asili yake ni maziwa: ya kwanza aliitengeneza O.G. Schmidt mwaka 1934 huko Fargo, North Dakota, Marekani, kwa kutumia stata ya gari la Ford Model A. Mpaka leo nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu ni za maji baridi. Zikiingia baharini huliwa na kutu ndani ya muda mfupi, na dhamana nyingi hazitambui uharibifu huo. Tunataka iliyoandikwa wazi kuwa ni ya maji ya chumvi, yenye mti, yaani ule mhimili mrefu unaoshikilia propela majini, wa faiba au uliopakwa dawa, na kipande cha zinki kinacholiwa badala ya mashine yenyewe. Hata hiyo inyanyuliwe kila baada ya kazi na isuuzwe kwa maji ya kisima. Propela ifunguliwe mara kwa mara: mshipi wa kuvulia ukijizungusha nyuma yake hukata mpira unaozuia maji, na maji yakiingia ndani basi imekwisha. Majani ya bahari nayo yatatusumbua wakati wa maji kupwa, kwa hiyo propela ya kupitia majani ni ya lazima kwetu.

Nyaya ziwe nene, milimita za mraba 16, fupi kadiri inavyowezekana, na breka ya ampea 60, ile swichi inayokata umeme ukizidi, karibu na betri. Waya mwembamba huungua, na juu ya chombo cha mbao huna pa kukimbilia.

Mashine itakaa tezi, yaani nyuma, kando ya usukani, juu ya ubao mgumu utakaofungwa na fundi wetu, kwa sababu omo, yaani mbele ya ngalawa, ni nyembamba mno kuibeba.

Kamati inapendekeza chama kinunue seti moja kwanza, itumike kwa zamu kuanzia kaskazi hadi mwisho wa kusi, ndipo tuamue kuhusu nyingine. Kina mama wa mwani wamo kwenye zamu hiyo sawa na wavuvi, kwani magunia yao ya mwani mbichi ni mazito kuliko dema letu lolote.

Kabla ya kura ya leo mchana, kila mwenye chombo anipe kipimo cha kutoka ukingo wa tezi hadi usawa wa maji, chombo kikiwa na mzigo. Tutaongeza sentimita 30 za propela kuzama, na kidogo kwa ajili ya mawimbi, ndipo tujue kama tunaagiza mti wa inchi 30 au 36.