Kompyuta haiwezi kurudisha sura ambayo kamera haikuipata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie ile habari yenu ya mtu aliyetambuliwa baada ya picha ya kamera ya ulinzi "kusafishwa" kwa akili mnemba. Mlichapa picha mbili. Ya kushoto ilijaa viraba, uso hauna macho wala mdomo wa kueleweka. Ya kulia ilikuwa kali kabisa, hadi kope zinahesabika. Mwandishi wenu akaandika kwamba kompyuta imeufichua uso uliokuwa umejificha ndani ya picha. Jambo hilo haliwezekani, na kwa kuwa mtu anaweza kukamatwa kwa picha ya namna hiyo, siwezi kunyamaza.

Kazi yangu ni kufunga kamera za ukaguzi viwandani. Picha zake hazitazamwi na mtu: zinaingia kwenye kompyuta, nayo inaamua bidhaa ipite au itolewe. Kwa hiyo picha yoyote huwa naitazama kwanza kama namba, sura inafuata baadaye.

Maana picha ya kidijitali ni namba tupu. Nyuma ya lenzi kuna kihisi chenye vijichumba vidogo vilivyopangwa kwa mistari. Kila kijichumba hupokea mwanga kwa muda mfupi, mwanga huzaa umeme, umeme hupimwa, na kipimo huandikwa, kwa kawaida kuanzia 0 kwa giza hadi 255 kwa weupe wa mwisho. Hiyo ndiyo pikseli. Mwaka 1965, chombo cha Mariner 4 kilipopita karibu na sayari ya Mirihi, wahandisi wa JPL, maabara ya shirika la anga la NASA kule Marekani, hawakuwa na subira ya kungoja mashine iitengeneze picha ya kwanza. Walichapa namba zake kwenye vipande vya karatasi, wakavibandika ukutani, wakazipaka rangi kwa mkono, kila kiwango cha namba na rangi yake. Sayari ikaonekana. Picha kamili ilikuwa mistari 200 yenye pikseli 200, yaani namba 40,000. Zaidi ya hizo hapakuwa na kitu kingine cha kupaka.

Sasa chukua kamera ya kawaida ya ulinzi, yenye pikseli 1920 kwa upana, iliyoelekezwa kwenye eneo lenye upana wa mita 20. Ukigawanya, kila pikseli inabeba kama sentimita moja. Uso wa mtu mzima una upana wa kama sentimita 15, basi umepata pikseli 14 au 15. Jicho limeambulia tatu. Kovu, kope, mkunjo wa pembeni mwa mdomo, kila kimoja kimeangukia ndani ya pikseli moja na kuchanganywa na ngozi ya jirani kikawa wastani mmoja, tuseme 134. Ukipewa hiyo 134 peke yake huwezi kuirudisha kwenye kovu. Inaweza kuwa imetokana na ngozi safi isiyo na alama yoyote. Nyuso nyingi mno, za watu tofauti kabisa, zinaweza kuzaa viraba vilevile.

Programu ya "kusafisha" inachofanya ni kuchagua mmoja kati ya nyuso hizo, kwa kufuata nyuso ilizofundishwa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walitoa programu iitwayo PULSE, inayopokea uso wa pikseli 16 kwa 16 na kutoa wa 1024 kwa 1024. Ilipopewa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa hadi viraba, ilitoa uso wa mzungu. Kihesabu programu ilifanya ilichotumwa: ilitafuta uso ambao ukipunguzwa unalingana na viraba ilivyopewa, ikaupata. Ila haukuwa uso wa mwenyewe. Obama anajulikana, kila mtu aliona kasoro papo hapo. Yule wa kwenye gazeti lenu hajulikani, nani angeiona?

Najua mtaalamu mwenzangu atanijibu kwamba kamera zote hukisia. Ni kweli. Tangu Bryce Bayer wa Kodak alipobuni kichujio chake miaka ya 1970, kamera nyingi huwa na pikseli zinazopima rangi moja tu kila moja: nusu kijani, robo nyekundu, robo bluu. Rangi mbili zinazokosekana hukadiriwa kutoka kwa majirani. Lakini majirani hao walipimwa kweli, wakati uleule, mahali palepale. Kope za ile picha yenu ya kulia zimetoka kwenye nyuso za watu wengine ambao hawakuwahi kufika pale.

Wala sipingi kurekebisha picha. Picha yenye giza ikiongezwa mwangaza huonyesha vitu, kwa sababu tofauti za namba zilikuwamo tayari. Ukichukua fremu 16 za kitu kilichotulia ukazitafutia wastani, chenga hupungua hadi robo. Haya ni halali, yanatoa kilichopimwa.

Pale ambapo hakuna kilichopimwa, hata kiwandani tunashindwa. Kuna vifuniko vya chuma vinavyong'aa ambavyo tulitakiwa kuvikagua nyufa. Taa ilikuwa juu moja kwa moja, mng'ao ukaijaza picha: 255, 255, 255, mstari mzima. Ufa ulikuwapo kwenye kifuniko, kwenye picha haumo. Ungeleta programu ya bei yoyote, 255 ukiitoa kwa 255 unabaki na sifuri. Nikaishusha taa pembeni, karibu usawa wa kifuniko, ufa ukatupa kivuli: 180, 178, 61, 177. Kati ya 178 na 61 pana tofauti ya 117, na programu ileile iliyokuwa haioni kitu ikaanza kuvitoa vifuniko vibovu. Wenye fedha za vifaa hupenda kununua programu mpya. Kwa maoni yangu wangeanza na taa na lenzi.

Kwa hiyo, Mhariri, ninaomba mambo mawili. Mkichapa picha ya aina hii, andikeni chini yake kwamba sura imetungwa na programu, na muitaje programu yenyewe, na mseme uso halisi ulikuwa na pikseli ngapi. Na mnapoandika habari za kamera za ulinzi, waulizeni wafungaji swali la pikseli kwa mita. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014 kilitaka 250 kwa kila mita ili mtu asiyefahamika aweze kutambulika bila shaka. Kamera yangu ya mfano hapo juu inatoa 96. Ili ifikie 250, lenzi yake ibanwe itazame eneo lisilozidi mita saba na nusu, langoni kwa mfano, na sehemu iliyobaki iwekewe kamera nyingine.

Fundi wa kamera za ukaguzi viwandani