Kijiko cha mimea kinaozea wapi? Ombi kwa kamati za sherehe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na kamati za sherehe za Mtwara na Lindi, hasa msimu huu ambao watu wameshalipwa fedha za korosho na kadi za mchango zinapishana mlangoni. Mimi ni mpishi wa shughuli. Napika harusi, sendofu, maulidi, hitima, kutoa mwali, hata kipaimara nikiitwa kule Ndanda. Siku hizi kila kikao cha kamati nikienda kupanga chakula hakosi mjumbe mmoja, mara nyingi kijana aliyetoka Dar, atakayesema safari hii tuachane na plastiki, kuna vijiko vya mimea. Watu wanapiga makofi, bajeti ya vyombo inapanda mara mbili na zaidi, kisha mwenyekiti anarukia suala la mpambaji.

Wazo ni jema na sina ugomvi na huyo kijana. Ugomvi wangu ni na haraka hiyo. Kitu kutokana na mmea ni jambo moja, na kitu kuoza ni jambo jingine. Kamati nyingi zinalipia la kwanza zikidhani zimenunua la pili.

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Kanuni zile zilihusu mifuko; kijiko, sahani, glasi na mrija havikuguswa, ndiyo maana vimejaa madukani na anayevikataa anavikataa kwa hiari yake. Wenzetu wamekwenda mbele zaidi. Rwanda ilipitisha sheria dhidi ya plastiki za kutumia mara moja mwaka huohuo wa 2019, na India ilipiga marufuku vijiko na sahani za plastiki tarehe 1 Julai 2022. Umoja wa Ulaya ulianza tarehe 3 Julai 2021, na wao hawakujali plastiki imetoka kwenye mafuta ya petroli au kwenye mahindi. Kijiko cha PLA, yaani plastiki inayotokana na mimea, nacho kimo kwenye katazo lao.

Hiyo PLA ndiyo mara nyingi tunauziwa kwa jina la kijiko cha mimea. Wanga wa mahindi au wa muhogo unageuzwa sukari, au inatumika sukari ya miwa moja kwa moja. Sukari inachachushwa mpaka iwe asidi ya laktiki, asidi inaunganishwa kiwandani ikawa plastiki. Shambani imetoka kweli. Lakini ili ioze inataka mtambo maalumu wa mboji wenye joto la nyuzi 58 hivi, unyevu na hewa ya kutosha, kwa wiki nyingi mfululizo. Shimo la taka nyuma ya nyumba halifiki joto hilo hata jua la Novemba likiwaka vipi. Baharini ndiyo kabisa. Watafiti wa taasisi ya Scripps ya California walichapisha mwaka 2023 matokeo ya nyuzi za kitambaa walizozitundika baharini: za selulosi, ile malighafi ya mbao na pamba, ziliharibika ndani ya mwezi mmoja hivi, na za PLA zilikuwa bado nzima baada ya zaidi ya mwaka.

Mezani nako PLA ina vituko vyake. Ya kawaida huanza kulegea kwenye nyuzi 55 hadi 60, na chakula kinachotoka sufuriani kina moto zaidi ya hapo. Niliwahi kumwona mzee mmoja akizamisha kijiko kama hicho kwenye bakuli la supu ya pweza. Alipokiinua kilikuja kimepinda shingo, kipande cha pweza kimerudi bakulini, mchuzi umemwagikia kanzu. Akanigeukia taratibu: "Mwanangu, hiki mmetupa cha kulia au cha kuchezea?" Ipo aina iliyokomazwa, wanaiita CPLA, inayostahimili mpaka nyuzi 85 hivi. Hiyo haipindi kwenye supu, lakini kwenye habari ya kuoza inataka mtambo uleule.

Kuna kibaya zaidi. Ni kile kijiko cha rangi ya krimu kinachouzwa kama cha mahindi. Vingi vya aina hii ni wanga uliochanganywa na polipropilini, plastiki ileile ya vijiko vya zamani. Kikitupwa, wanga unaliwa na vijidudu na plastiki inabaki imemegekamegeka, haiokoteki tena. Kwa maoni yangu heri kijiko cha plastiki tupu, kwa kuwa chenyewe hakimdanganyi mtu.

Basi kabla mweka hazina hajatoa fedha, ombeni kimoja cha mfano, nendeni nacho uani, kiwasheni kwa kiberiti. Mti unawaka, unanuka moshi wa kuni, unaacha mkaa na majivu. Chenye plastiki, iwe ya mahindi au ya petroli, kinayeyuka na kudondosha matone. Msikivute moshi wake. Najua si kipimo cha maabara, ila kimeshaniokoa na maboksi ya muuzaji mmoja aliyeapa kwamba mzigo wake ni mwanzi mtupu.

Nikiulizwa kipi basi kinafaa, nasema kijiko cha mti au cha mwanzi kisichopakwa chochote. Wageni hulalamika kwamba kinakwaruza ulimi, na cha bei ya chini kinakwaruza kweli. Pitisheni kidole ukingoni kabla ya kununua. Kwa sahani, nazipenda za makapi ya miwa yaliyokandamizwa. Zinavumilia moto, hazipindi mgeni akisimama nazo, na zikifukiwa ardhini zinaoza. Mchuzi wa nazi ukikaa zaidi ya nusu saa, chini zinatoa jasho. Watu wanaliona hilo kama kasoro, mimi naliona kama dalili njema. Sahani ya makapi isiyopitisha mafuta hata kidogo ndiyo ya kuulizia, kwa sababu baadhi ya viwanda vimekuwa vikitia kemikali za jamii ya PFAS ili mafuta yasipenye, na kemikali hizo zenyewe haziozi. Denmark ilizikataza kwenye vifungashio vya karatasi vya chakula tangu Julai 2020. Glasi za karatasi nazo zisiwachanganye: ndani mara nyingi zina utando mwembamba wa plastiki, la sivyo chai ingevuja.

Wahindi wana sahani nyingine nzuri inayotokana na mpopoo, mti huohuo wa popoo ambazo bibi zetu walitafunia tambuu. Ala ya jani, ile sehemu pana inayokumbatia shina, ikidondoka yenyewe inaoshwa, inalowekwa, inabanwa kwenye kalibu yenye moto, inatoka sahani bila gundi wala dawa. Sisi tumejaliwa minazi kuanzia Kilwa mpaka Msimbati, na wazee wetu walichonga upawa na kata kwa vifuu. Sijamwona anayefanya biashara ya vijiko vya vifuu kwa ajili ya sherehe. Vijana wanaotafuta mradi, hilo nawaachia.

Ila mimi mwenyewe, kamati ikinisikiliza, nashauri wasinunue kabisa. Kwenye maulidi na hitima watu wanne watano wanazunguka sinia moja, wananawa, wanakula kwa mkono. Watu 300 wanahitaji masinia 60 mpaka 75 na hakuna kijiko hata kimoja. Kwenye harusi ya ukumbini ambako watu wanataka bafe, vikundi vya akina mama vina sahani za melamini na vijiko vya chuma vya kukodisha, na vyombo hivyo vimeshazunguka kwenye misiba na harusi kuliko gari la matangazo.

Najua swali litakalofuata: anaosha nani? Mpaka leo wanaosha wasichana wa ukoo, saa saba za usiku, na nguo zao za sherehe zimelowa mpaka magotini huku wenzao wanacheza ndani. Si haki. Fedha ambayo ingeenda kwenye vijiko vya kutupa ilipe waoshaji, tena iandikwe kabisa kwenye bajeti kama anavyoandikwa MC. Nimeshafanya hesabu hiyo na kamati kadhaa na mara zote kukodi pamoja na kuosha kumetoka nafuu kuliko maboksi ya vijiko vya mimea.

Juu kwenye uwanda wa Makonde habari ni nyingine. Newala na Tandahimba maji yanapandishwa kutoka chanzo cha Mitema, na yakikatika watu wananunua kwa ndoo. Huko siwezi kusimama mbele ya mama mwenye shughuli nikamwambia aoshe sahani 400. Anunue za makapi ya miwa na vijiko vya mti, achimbe shimo, afukie pamoja na mabaki ya chakula. Ardhi ya shamba la mikorosho itavipokea.

Sherehe za ufukweni ndizo zinazonitia hofu. Shangani, Msangamkuu, fukwe za Lindi, kusi likivuma sahani nyepesi haisubiri mtu amalize kula. Upande wa kusini tunayo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, ambako kasa wanapanda kutaga. Kwenye mchanga ule kijiko cha PLA na kijiko cha plastiki ya dukani ni kitu kimoja, kwa kasa na kwa samaki. Anayetaka sherehe pale abebe masinia, au abebe vijiko vya mti na magunia ya kurudishia taka mjini, na amteue mtu wa kuyasimamia kabla muziki haujaanza.

Maombi yangu ni machache. Wauzaji waandike kwa Kiswahili kwenye boksi kitu kimetengenezwa kwa nini hasa: mti, makapi ya miwa, PLA au mchanganyiko na plastiki. Picha ya jani la kijani pembeni haitoshi, na TBS wa viwango na NEMC wa mazingira wana uwezo wa kulisimamia hilo. Halmashauri zetu, zinapotoa vibali vya sherehe za ufukweni, zidai kujua taka zitabebwa na nani na zitapelekwa wapi. Wenye kumbi nao waweke bomba na karo pana la kuoshea vyombo nyuma ya jiko. Kumbi nyingi ninazopikia zina vioo mpaka darini, lakini maji ya kuoshea sahani tunayabeba kwa madumu.

Wako,
Mpishi wa shughuli,
Mtwara Mjini